Mapenzi yapo, hamu imekwenda wapi?

Swali: Nimeolewa miaka 14, niko Wete, Pemba. Mume wangu ni mvuvi; nampenda na hatugombani, lakini hamu ya chumbani imenitoka. Ndiyo simpendi tena?

Jibu: Sivyo, dada yangu. Esther Perel, mtaalamu wa tiba ya nafsi aliyezaliwa Ubelgiji na anayefanya kazi New York, ameliandikia kitabu suala hili mwaka 2006. Anasema mapenzi na hamu ni vitu viwili. Mapenzi yanataka ukaribu: kujua mwenzio kala nini, kalala vipi. Hamu inataka mwanya, pawe na kitu cha kukifuata.

Swali: Mwanya gani, na watoto tunalala nao chumba kimoja?

Jibu: Mlango wenye komeo unasaidia sana, lakini sisemei vyumba. Perel aliwauliza watu wa nchi nyingi ni lini huvutiwa zaidi na wenzao. Wengi walimjibu: anaporudi kutoka mbali, na ninapomwona kwenye jambo analolimudu.

La kwanza wake wa wavuvi wa Pemba hawana haja ya kufundishwa na mtu wa New York. Mume akiwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali, siku ya kusikia vyombo vinaingia, chetezo kinatolewa, udi unafukizwa, asumini zinatungwa. Anayerudi ni yule yule aliyeondoka.

La pili ndilo tunalolisahau. Nenda siku moja pale mnadani, ujibanze pembeni umtazame mumeo akinadi samaki wake, watu wamemzunguka, kwa sauti usiyoisikia nyumbani. Nyumbani unamjua kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Swali: Somo wangu, kungwi wangu, alinifunda vizuri. Mbona hayasaidii?

Jibu: Somo alikufunda kumpendeza mume. Perel anakuuliza habari zako wewe: hamu yako unaizima lini? Si "mume ananizima". Wewe mwenyewe unajizima lini? Labda ni saa nne ya usiku, bado unapiga pasi sare za skuli na mikono inanuka vitunguu. Hapo singo, ule unga wa kujisugua mwili unukie, haisaidii kitu. Apige pasi yeye.

Swali: Nitumie dawa?

Jibu: Kwanza kapime. Kisukari, presha na baadhi ya dawa zake, sonona, kunyonyesha, kukoma hedhi na baadhi ya njia za uzazi wa mpango huweza kupunguza hamu. Ukiumia wakati wa tendo, muone daktari, usivumilie. Unga wa vichupa usiojulikana una nini, uache. Na kama mnaishi kwa kipigo au kulazimishwa, haya ya mwanya si yako. Linalotangulia ni usalama wako.

Swali: Nimwambie?

Jibu: Mwambie, ila si kitandani, wala si siku aliyorudi mikono mitupu. Ngojea baada ya isha, watoto wamelala, mko barazani na kahawa. Anza na ile sauti uliyoisikia mnadani.