Spika anapolihoji Bunge

Watu wengi humpima Spika kwa namna anavyotuliza kelele na kuwatoa nje wakorofi. Mimi humtazama zaidi pale mjadala unapofungwa naye akasimama kulihoji Bunge, yaani kuwauliza wabunge kama wanaiafiki hoja au la. Akiteleza hapo, mjadala mzuri wa siku nzima unaishia kwenye ubishi kuhusu kilichopitishwa.

Kwanza ahakikishe wabunge wanajua wanaamua nini. Kukiwa na marekebisho, huanza lile lililoletwa kurekebisha rekebisho, kisha rekebisho lenyewe, halafu hoja ya msingi. Rekebisho likipita, hoja ya msingi ihojiwe "kama ilivyorekebishwa". Maneno hayo mawili yakirukwa, wapo watakaopigia kura maandishi ya zamani bila kujua.

Kisha zinakuja sauti. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Anatulia, anasikiliza. "Wasioafiki waseme siyo." Anasikiliza tena, hata kama upande mmoja umeshaonekana kuzidi. Halafu: "Nadhani walioafiki wameshinda." Tamko hilo bado si la mwisho. Asiyeridhika anaweza kulipinga na kudai kura zihesabiwe, ila afanye hivyo papo hapo. Kwa hiyo Spika asilitamke na kuita shughuli inayofuata kwa pumzi moja. Anyamaze sekunde tatu, nne, akitazama pande zote za ukumbi. Haraka ya hapa huzaa malalamiko ya kuburuzwa hata pale ambapo Spika hakumpendelea mtu.

Akipingwa, kengele inalia kuwaita wabunge wakapige kura. Katika Bunge la Uingereza, dakika mbili baada ya kura kuitishwa Spika hulihoji Bunge upya, na dakika nane zikitimia milango ya kumbi za kupigia kura inaweza kufungwa. Hesabu ikitoka huonyesha pia kama akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge inayotakiwa, imetimia: wakiwa pungufu ya 40, Spika akiwemo, hakuna uamuzi, na jambo husubiri kikao kingine.

Kura zikilingana, kila Bunge lina njia yake. Kenya, Ibara ya 122 ya Katiba haimpi Spika kura kabisa, na hoja iliyolingana kura imeanguka. Uingereza Spika ana kura ya uamuzi, lakini haipigi apendavyo. Tangu enzi za Spika Denison, mwaka 1867, msingi ni kwamba mjadala upewe nafasi ya kuendelea inapowezekana. Isipowezekana, Spika asiwape upande mmoja wingi ambao Bunge lenyewe halikuutoa. Ndiyo maana tarehe 3 Aprili 2019, kura zilipokuwa 310 kwa 310, Spika John Bercow alipiga kura ya kukataa. Naupenda msingi huu kwa sababu kila mbunge anajua mapema kura ya Spika itaelekea wapi, na hakuna wa kumshuku.

Hesabu nayo hukosewa. Julai 1993, Bunge la Uingereza lilipojadili Mkataba wa Maastricht, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, ilitangazwa 317 kwa 317, na Spika Betty Boothroyd akalikataa rekebisho kwa msingi huohuo. Baadaye ikabainika waliokataa walikuwa 318, hivyo matokeo hayakubadilika. Kosa la namna hii likigundulika, Spika alitangaze mwenyewe mbele ya Bunge mapema iwezekanavyo, na Katibu wa Bunge asahihishe kumbukumbu rasmi.