Salamu zinavyoendesha sini

Katika skripti niliyokuwa nikiiandika mwezi uliopita kuna sini, yaani onyesho moja, ya mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Rasimu ya kwanza niliiandika hivi: anabisha, mlango unafunguliwa, anasema, "Kodi yangu iko wapi?" Mistari minne, imekwisha. Nikajiona fundi. Tulipokaa na waigizaji kuisoma kwa sauti, sini ikapita kama daladala lisilosimama kituoni. Hakuna aliyeinua kichwa.

Nikaiandika upya:

— Hodi!
— Karibu baba. Shikamoo.
— Marahaba mwanangu. Habari za hapa?
— Nzuri.
— Wajukuu zangu?
— Wako shule.
— Alhamdulillahi. Na mwenzio?
— Katoka.

Mistari imeongezeka maradufu na kodi haijatajwa. Ila mtazamaji ametoka kuona, sini moja nyuma, kwamba mume amenunulia hela ya kodi televisheni, nayo imetundikwa ukutani nyuma ya huyu dada aliyefungua mlango. Kila akijibu "nzuri" anasogea kidogo aizibe. Safari hii waigizaji walianza kwa kucheka, halafu wakanyamaza.

Mwaka 1962 Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake wa Kifaransa, François Truffaut, kuhusu bomu lililo chini ya meza. Likilipuka ghafla, umewapa watazamaji mshtuko wa sekunde 15. Wakijua tangu mwanzo kwamba lipo, umewapa taharuki ya dakika 15, hata kama waliokaa mezani wanapiga soga tu. Hizo soga sisi hatuna haja ya kuzitafuta. Tunazo, zina utaratibu wake, na kuzikatiza ni utovu wa adabu. Mwenye nyumba hawezi kuziruka, na anayedaiwa anajua kwamba hawezi.

Sisemi kila sini ianze na hodi. Skripti nyingi ninazoletewa nizipitie zimejaa shikamoo na marahaba zisizobeba kitu, mpaka unasinzia. Mimi nafunika salamu kwa kiganja kisha nasoma kilichobaki. Kama sini haijapungukiwa na chochote, nazifuta.

Kuna ile kanuni ya Wamarekani ya ukurasa mmoja wa skripti kwa dakika moja ya filamu, kwa aina ya herufi iitwayo Courier, saizi 12. Ichukue kama makadirio. Watu wakijibizana kwa hasira, ukurasa unaisha kabla ya dakika. Lakini "Bibi anawasha jiko la mkaa" ni mstari mmoja tu, na mkaa hauna haraka na mtu. Niliwahi kukabidhi kurasa 22 kwa kipindi cha dakika 22, mkato wa kwanza, yaani picha zilipounganishwa mara ya kwanza, ukatoka na dakika 29. Mhariri akabakiza maneno yote, akakata kimya chote. Watu wakawa wanajibu kabla hawajaulizwa. Kosa lilikuwa langu, maana kile kimya sikukiandika popote. Nilidhani kitajileta chenyewe. Tangu hapo nasoma kila sini kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, nikitembea sebuleni. Majirani wameshazoea kunisikia nikigombana peke yangu.

Na mwendo wangu mwenyewe? Rasimu ya kwanza naiandika mbio, sirudi nyuma kusoma. Nikijikuta naeleza rangi ya mapazia, najua sijajua mhusika anataka nini. Hapo nafunga kompyuta natoka, maana kukaa kuikodolea macho hakujawahi kunisaidia.

Hata hiyo sini ya kodi haikutoka mezani. Nilikuwa nimekwama, nikaenda dukani kununua sukari, nikiwa nadaiwa shilingi elfu saba za mkate na mafuta. Muuza duka akaniuliza hali ya mama. Akauliza kama mvua zimeanza huko kwetu. Akauliza kazi. Muda wote mkono wake ulikuwa umetulia juu ya daftari la madeni, wala hakulifungua. Nikatoa hela mwenyewe, nikarudi nyumbani haraka kuandika, sukari nimeisahau pale pale.