Kisu Kisichoshika Kutu Nacho Hunoleka

Imani ni ya miaka mingi: kisu kisichoshika kutu hakipati makali, na anayetaka ukali wa kweli anunue cha chuma cha kaboni. Ilikuwa na msingi wake. Harry Brearley alipobuni chuma kisichoshika kutu mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, visu vya mwanzo vililalamikiwa kuwa havikati.

Leo mambo ni tofauti sana. Chuma cha Kijapani cha VG-10 kina kaboni takriban asilimia 1 na kromiamu, metali inayozuia kutu, asilimia 15 hivi. Kikipashwa moto na kupozwa ipasavyo, hufikia ugumu wa karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell C. Visu vingi vya Kijerumani huwa kati ya 56 na 58. Ugumu huo huwezesha bapa kunolewa jembamba bila makali kujikunja upesi.

Na wembamba ndio jambo kubwa, kuliko hata jina la chuma. Bapa nene, hata likiwa kali, hupasua karoti kama kabari; jembamba hupita. Ndiyo maana kisu cha AUS-8, chuma laini kidogo na cha bei nafuu, kikiwa chembamba hukipita cha gharama chenye bapa nene. Michoro ya mawimbi inayoonekana ubavuni mwa bapa la baadhi ya visu ni mapambo tu, ingawa hupandisha bei.

Visu hivi vigumu na vyembamba visikate mifupa wala vyakula vilivyoganda: makali hupata mapengo. Vinolewe kwa jiwe la maji, yaani jiwe la kunolea linalotumiwa likiwa limeloweshwa.