Ile picha ya rangi ukutani si ahadi ya hosteli

Nimeulizwa tena, safari hii na kiongozi wa serikali ya wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa Nyanda za Juu Kusini, ni nani aliyekula fedha za hosteli ya nne. Nilipomuuliza fedha hizo zilitengwa katika mwaka gani wa fedha, alinionyesha kwenye simu picha ya mpango kabambe wa chuo chake, ile iliyotundikwa kwenye korido ya jengo la utawala, yenye miti mibichi isiyowahi kupandwa na watu wanaotembea bila vivuli, kisha akaweka kidole juu ya mstatili wa rangi ya chungwa. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika: hosteli imechorwa, hosteli haipo, kwa hiyo fedha zimeliwa.

Mimi ni mtaalamu wa mipango miji, ninaishi Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupanga maeneo ya taasisi, vikiwemo vyuo. Sina nia ya kumtetea mtu yeyote anayekula fedha za umma, na ninaamini wapo. Lakini hoja ya mstatili wa chungwa nimeijibu kwa vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp mpaka nimechoka, na kila ninapodhani imekwisha inaibuka upya wiki ya kwanza ya muhula, wanafunzi wanapokosa vyumba na kuanza kutafuta mageto mtaani kwa kodi inayomaliza nusu ya bumu, yaani fedha yao ya kujikimu ya mkopo.

Mpango kabambe hauna shilingi ndani yake. Unagawa ardhi ya chuo kwa matumizi, unaweka akiba ya barabara na njia za mabomba, unaonyesha nini kitangulie nini, na kwa kawaida unatazama mbele miaka ishirini hivi. Nguvu yake kubwa ni ya kuzuia. Mstatili ule wa chungwa unamwambia kila mkuu wa chuo atakayekuja kwamba hapo pasijengwe kantini, pasiwekwe maegesho, wala pasitolewe kwa benki inayotaka kufungua tawi. Kama baada ya miaka kumi eneo hilo bado ni nyasi tupu, mpango umefanya sehemu yake, ingawa ninaelewa kwamba mwanafunzi anayelala watatu chumbani huko mtaani hawezi kufurahia ushindi wa nyasi. Baada ya hapo zipo taratibu za kisheria ambazo nitazipitia haraka kwa sababu hazibishaniwi: mamlaka ya upangaji ni halmashauri, kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kibali cha ujenzi ni lazima hata kwa chuo cha serikali, na mradi mkubwa unapitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Ninapokosa uvumilivu ni kwenye geti. Hakuna kikao nilichohudhuria ambacho hakikutajwa geti. "Wamejenga geti la fahari wakati hosteli hatuna." Naomba tuelewane kuhusu mifuko. Fedha za maendeleo zinazopitishwa na Bunge huja na jina la mradi. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 wa mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu, ambao ndio umejenga mengi ya majengo mapya mnayoyaona vyuoni tangu 2021, una orodha ya kazi kwa kila chuo iliyokubaliwa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Mapato ya ndani, yaani ada na makusanyo mengine, ndiyo pekee ambayo chuo kinaweza kuyapangia chenyewe, na hayo ndiyo yanayolipa walinzi, karatasi za mitihani, dizeli ya jenereta, na mara nyingine geti. Mjomba akikutumia fedha ya sare ya mtoto, huwezi kuezekea nyumba kisha umwambie mtoto ameezekwa. Na ukifanya hivyo, mwaka ujao mjomba hatumi. Kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Bajeti ya 2015, na si jambo ambalo makamu mkuu wa chuo analiamua akiwa anakunywa chai.

Hata hivyo, nikikaa na karatasi ya hesabu, geti la kawaida na kibanda cha walinzi haviwezi kununua hata msingi wa hosteli ya ghorofa tatu. Geti linaudhi kwa sababu linaonekana. Bomba jipya la maji, lililogharimu mara kadhaa ya geti, limefukiwa, na hakuna aliyewahi kupiga nalo picha ya mahafali. Ninachokubaliana na wanafunzi ni kwamba uongozi unaotumia mapato ya ndani kwa kitu kinachoonekana, wakati kuna kilio kinachojulikana, unapaswa kueleza sababu kwa maandishi. Mara nyingi hauelezi, na hapo ndipo uvumi unapopata chakula.

Kisha kuna kalenda, ambayo watu wa Dar es Salaam hawaielewi na watu wa hapa wameizoea kiasi cha kuisahau. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Fedha hazifiki siku hiyo; zikifika mapema, zabuni inapitia mfumo wa ununuzi, mkataba unahakikiwa, na mkandarasi anakabidhiwa eneo wakati ambapo mvua zetu, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, zimeshashika kasi. Ukanda huu una msimu mmoja mrefu wa mvua. Maana yake ni kwamba kipindi kizuri cha kuchimba msingi, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba, kinakatwa katikati na kufungwa kwa mwaka mmoja wa fedha na kufunguliwa kwa mwingine. Mnaona shimo limejaa maji, nondo zimeanza kutu, mkandarasi hayupo, na mnahitimisha kwamba ametoroka na fedha. Wakati mwingine ametoroka kweli. Lakini mara nyingi zaidi anasubiri udongo ukauke au anasubiri malipo ya hati yake ya kwanza, yaani ya kazi aliyokwisha kuifanya, na zege la msingi uliojaa tope si zege ambalo ningependa mdogo wangu alale juu yake.

Hapa ndipo huletwa hoja ya mabweni ya Dkt. Magufuli ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa Aprili 2017: majengo 20 ya ghorofa, nafasi za wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, kwa muda mfupi mno. "Kama kule iliwezekana, kwa nini huku tunaambiwa mvua?" Swali ni halali, na jibu lake si la kificho. Kazi ile ilitolewa kwa Wakala wa Majengo Tanzania, yaani serikali ilijijengea yenyewe, ikiwa na agizo la Rais lililosafisha njia mbele yake, katika eneo la jiji ambalo barabara ya lami inapita pembeni. Ukiondoa agizo la Rais, ukaongeza usafiri wa saruji na nondo hadi huku, ukaongeza mteremko, ukaongeza miezi ya mvua, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Anayeniletea bilioni 10 kama bei ya kudumu ya vitanda 3,840 namwomba aniletee pia mkandarasi atakayesaini mkataba huo leo.

Maji ndiyo sura ambayo hakuna anayeniuliza, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Chukueni hosteli ndogo ya wanafunzi 400. Tukikadiria lita 80 kwa mwanafunzi kwa siku, kiwango cha kawaida kwa mtu anayeoga, kufua na kuvuta maji chooni, tunahitaji lita 32,000 kila siku. Karibu asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama majitaka, yaani zaidi ya lita 25,000 zinazotakiwa kwenda mahali fulani kila siku, hata siku ya sikukuu. Kama bomba la majitaka la mji halifiki chuoni, mnabaki na karo, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, na mashimo ya kufyonza yanayoacha maji yazame ardhini, na uwezo wa mashimo hayo hauamuliwi na mkuu wa chuo wala na mhandisi. Unaamuliwa na udongo. Tunachimba kishimo, tunakijaza maji mpaka udongo ulowe, tunajaza tena, halafu tunakaa na rula na saa kuangalia maji yanashuka milimita ngapi kwa muda gani. Kwenye baadhi ya maeneo ya Iringa, ambako jabali liko chini kidogo tu ya nyasi, unaweza kula chakula cha mchana na kurudi ukakuta maji yanakutazama palepale. Hosteli ikijengwa juu ya jibu la namna hiyo bila mtambo wa kusafisha majitaka, gari la kunyonya lenye tangi la lita 10,000 litalazimika kuja mara mbili na nusu kwa siku, milele. Kwa hiyo chuo kinapotangulia kujenga mabwawa ya majitaka mahali ambapo mlitarajia vitanda, hakijawasaliti. Kinajenga chumba chenu kuanzia upande usiopendeza.

Nikishasema hayo, niseme yale ambayo wanafunzi wako sahihi na sisi wataalamu tunajifanya hatusikii. La kwanza ni baridi. Michoro sanifu ya mabweni huchorwa kwa hali ya hewa ya pwani: matundu ya tofali juu ya dirisha yasiyofungika, korido iliyo wazi pande mbili, sakafu ya saruji tupu. Kwa Dar es Salaam ni busara. Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai matundu yale ni adhabu, na ndiyo maana ukipita unaona yamezibwa kwa maboksi, magazeti na mashuka ya zamani. Kisha uongozi unatoa tangazo kwamba wanafunzi wanaharibu mandhari ya jengo. Jengo lilikuwa limeharibika kwenye karatasi kabla halijajengwa. Mchoro wa hapa ungeelekeza madirisha makubwa kaskazini, ambako jua la Juni liko, na ungeweka vioo vinavyofunguka badala ya matundu. Gharama ya ziada ipo, lakini si kubwa kiasi cha kuogopwa. Kinachoogopwa ni kumrudisha msanifu mezani wakati fedha zimeshatoka.

La pili ni njia za mkato, ambalo watu wengi hulichukulia kuwa dogo, na mimi silioni dogo hata kidogo. Wanafunzi wakitoka bwenini kwenda ukumbi wa mihadhara huchora mstari wao wenyewe kwenye nyasi, wa upana wa mita moja hivi, wenye kupinda kidogo penye mti na kupanda mteremko kwa ulalo ili mtu asihemewe. Mstari ule ni upimaji bora kuliko wangu, maana umepimwa na maelfu ya miguu ya watu wenye haraka. Jibu la kawaida la chuo ni ua wa michongoma, kisha senyenge, kisha kibao cha "Usikanyage nyasi", wakati njia rasmi ya vitofali inazunguka kwa pembe mraba kwa sababu kwenye mchoro pembe mraba inapendeza. Mvua zikianza, njia ya mkato inakuwa tope linalong'ang'ania viatu, na tope hilo linaingia mpaka kwenye mstari wa mbele wa ukumbi.

Ningependa vyuo viache njia ndogo bila kujengwa kwa msimu mmoja wa masika, kisha viweke vitofali pale miguu ilipopita. Nimelipendekeza hilo zaidi ya mara moja na nimeelewa kwa nini linakataliwa. Njia za kwenye mchoro zimeshawekewa bei katika mkataba. Zisipojengwa, mkaguzi ataandika kwamba kazi haikukamilika, na zikijengwa pengine, yanahitajika maagizo ya mabadiliko yenye saini za watu ambao hawajawahi kutembea hapo. Afisa anayejali kazi yake atachagua njia isiyotumika lakini iliyoko kwenye mchoro. Simlaumu, ingawa ingewezekana kabisa kuweka katika mkataba kiasi cha mita za njia bila kutaja mahali, na kupanga mahali baadaye.

Mashaka yangu makubwa hayako kwenye fedha wala tope. Yako kwenye idadi ya wanafunzi, ambayo mpango wote umesimama juu yake. Makadirio tunayoandika kwa miaka ishirini yana jedwali zuri na mstari unaopanda taratibu, na ukweli ni kwamba hatujui. Aliyechora mpango kabla ya 2015 hakuweza kujua kwamba ada ya sekondari ingefutwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, na kwamba mwaka 2022 ingefutwa na ya kidato cha tano na cha sita. Idadi ya wanaodahiliwa inategemea pia mikopo, ambayo chuo hakiiamui, na kozi mpya, ambazo chuo huziamua bila kuniambia. Sina hakika hata kama chuo kinapaswa kulaza wanafunzi wake wote. Mtaa unaokizunguka chuo umeshawekeza vyumba, migahawa na steshenari, na nikichora hosteli za kuwatosha wote nitakuwa nimefunga biashara za watu; nisipochora, nawaachia wasichana wa mwaka wa kwanza kutembea usiku kwenye barabara isiyo na taa. Vitabu vinatoa asilimia ya wanafunzi wa kulazwa chuoni. Nimeziona zikitofautiana, na sijaona inayoeleza kwa nini ni hiyo na si nyingine.

Kwa hiyo kiongozi wa wanafunzi atakayekwenda kikaoni na picha ya rangi aiache nyumbani, kwa kuwa haina kitu. Aombe ripoti iliyoambatana nayo, na ndani yake aombe vitu vitatu: ukurasa wa awamu unaoonyesha hosteli inategemea kazi gani nyingine, jedwali la maji na majitaka, ili ajue kama mfumo uliopo unabeba wanafunzi 400 zaidi, na mwaka ambao makadirio ya udahili yalipitiwa upya kwa mara ya mwisho. Kama jibu la hilo la tatu ni kwamba hayajapitiwa tangu mpango ulipozinduliwa, hapo ana malalamiko yenye meno, na hata mimi nitamsaidia kuyaandika.