Je, kueneza imani ni kazi ya mapadri peke yao?

Wengi hudhani kwamba kumshirikisha jirani imani ya Kikristo ni kazi ya padri, mchungaji au katekista aliyeisomea. Historia ya Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, yaonyesha vinginevyo. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lililofika huko mwaka 1879, waliondoka mwishoni mwa 1882 na hawakurudi hadi 1885. Hata hivyo waamini wachache waliobaki waliendelea kuwafundisha ndugu, marafiki na majirani, hata mapadri waliporejea wakakuta kundi limeongezeka. Kule Mityana, mahali ndani ya Buganda, miongoni mwa waliofundishwa na Wakristo wenzao alikuwamo Noa Mawaggali, mfinyanzi. Masomo ya seminari yana nafasi yake, sikatai, ila Mityana haikuwa na padri mkazi.