Je, wajua kwa nini duara la karatasi likiviringishwa linageuka waridi?

Hivi ushawahi kuyaona yale mawaridi madogo ya karatasi kwenye kadi za harusi au za Idi, ukadhani mtu kakaa anakata petali moja moja na kuzibandika? Wala! Ni karatasi moja tu imekatwa duara, halafu mkasi ukaingia pembeni ukawa unazunguka kuelekea ndani mpaka karibu na katikati, ukabaki utepe mrefu uliojipinda na kaduara kadogo mwishoni. Unaviringisha kuanzia ncha ya nje, ukifika kwenye kale kaduara unakapaka gundi, unalikalisha ua juu yake, basi.

Sasa mbona utepe ulionyooka ukiuviringisha unapata kigurudumu tu? Mambo yote yako kwenye kingo. Utepe ulionyooka kingo zake mbili zina urefu sawa, kwa hiyo juu na chini vinabana sawasawa, na ndo aina waliyokuwa wanaviringisha wanawake wa Uingereza karne ya 18 kupambia vijisanduku vya majani ya chai. Huu wa kuzunguka ukingo wake wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Chukua duara lenye upana wa sm 10, kata utepe wa sm 1.2, mzunguko wa kwanza utakuta nje ni kama sm 31 na nusu, ndani kama sm 24. Ukiviringisha, ukingo mfupi unabana chini, ule mrefu hauna ujanja, lazima utanuke juu, unapata umbo kama ile koni ya gazeti ya muuza karanga.

Utamu wenyewe uko hapa. Kadiri unavyoingia katikati, tofauti ya kingo inabaki ile ile, sm 7 na nusu hivi kwa kila mzunguko, ila mzunguko wenyewe unafupika. Ukifika mahali duara limebaki na upana wa sm 5, nje ni kama sm 16 na ndani kama sm 8, yani karibu mara mbili! Hapo karatasi inalalia nje kabisa. Ndo maana unaanza na ncha ya nje, ile isiyojipinda sana inakuwa kitovu kilichobana, halafu zinazofuata zinafunguka zaidi na zaidi, vile vile waridi la kweli lilivyo. Anza kinyume uone, za ndani zinataka kulala huku za nje zinazibana, na kale kaduara ka kukalishia ua kameshamezwa katikati.

Kabla ya gundi liachie kidogo, karatasi ina tabia ya kutaka kurudi ilivyokuwa kwa hiyo ua litajifungua lenyewe, we unachagua tu liishie wapi. Ya fotokopi, gramu 80 kwa mita ya mraba, inafaa ila inalegea, mi naona ya gramu 120 ndo saizi yake. Manila nene inavunjika mikunjo, hasa kwenye kitovu.

Na kama kadi inaingia kwenye bahasha punguza upana wa utepe uwe milimita 6 hivi, maana kimo cha ua kinatokana na upana huo, la sm 1.2 litafika limepondeka.