Umebadilisha plagi, gari likaanza kukohoa: dhana potofu na ukweli

Jumamosi moja nilifungua boneti ya Toyota Fielder yangu kwenye maegesho ya ploti, Donholm. Nilikuwa na plagi nne mpya, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, kopo la dawa ya kusafishia throto, yaani mlango wa hewa wa injini, na imani kubwa. Baada ya saa mbili nikawasha. Gari lilitetemeka hadi kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu. Jirani akachungulia kutoka ghorofa ya pili na kutoa hukumu bila hata kushuka: "Umeuziwa feki, rudisha Grogan."

Niianzie hiyo, maana ndiyo ninayoisikia kuliko zote.

Dhana: Gari likisumbua baada ya kuwekewa spea mpya, spea ni feki

Spea bandia zipo, sibishi. Nikienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, boksi nalikagua mara mbili. Lakini gari lililokuwa zima saa tatu asubuhi na bovu saa tano lina mshukiwa wa kwanza, naye ni mkono uliolishika kati ya saa hizo.

Pitia upya kila ulipogusa. Anza na soketi za koili, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme. Ile klipu yake ya plastiki, baada ya miaka kumi ya joto, inakuwa kama biskuti: ukiibonyeza inavunjika, na soketi inabaki imekaa tu bila kushika. Ikiingia sawasawa utasikia "tak". Hukusikia, rudia. Kisha plagi zenyewe. Iliyoanguka sakafuni usiifunge hata kama haina alama. Kauri yake huweza kupata ufa usioonekana, na cheche ikapitia hapo badala ya kwenda kwenye ncha. Halafu boksi la chujio la hewa. Ni rahisi mno kufunga klipu moja na kusahau ya pili.

Mipira ya kupitishia hewa ndiyo inayowachezea watu. Kwenye gari kama Fielder kuna sensa karibu na chujio inayopima hewa inayoingia, na kompyuta ya injini inapima petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikipenya mahali pengine baada ya sensa, haihesabiwi. Injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Dalili yake ina tabia ya pekee: gari linatetemeka likiwa limesimama taa nyekundu, lakini ukikanyaga mafuta linatulia, kwa sababu ile hewa ya wizi sasa ni kidogo ukilinganisha na yote inayovutwa.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilitega sikio nikasikia mfyonzo mwembamba, ssss, nyuma ya injini. Mpira mdogo unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ulikuwa umepasuka kwenye kona. Niliuvuta nikitafuta nafasi ya kupitisha mkono. Nikaziba ufa kwa kidole gumba, injini ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Plagi za watu hazikuwa na kosa lolote. Kuna wanaopulizia dawa ya kabureta kutafuta uvujaji wa namna hii. Usithubutu injini ikiwa moto, dawa hiyo inawaka.

Dhana: Mashine ikisoma kodi, inakuambia ununue nini

Kodi hizi ni namba za hitilafu ambazo kompyuta ya injini huhifadhi. Si za nyumba, ingawa nazo zinaweza kukumalizia mshahara. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa mpira uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Wapo wanaokimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo kosa lake ni kutoa taarifa tu.

Ukipata P0303, silinda ya 3 haichomi vizuri. Kabla hujatoa hata shilingi, hamisha koili ya silinda ya 3 uiweke ya 1, na ya 1 uiweke ya 3. Futa kodi, endesha. Ikirudi kama P0301, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0303, koili iache. Kagua plagi ya hapo, nyaya za soketi, kisha injekta inayopulizia petroli. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, sio kuwaka tu, usiendelee na safari. Petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia kwenye katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye egzosi, na bei yake unaijua au utaijua.

Dhana: Toa terminali ya betri dakika kumi, itajirekebisha

Dhana hii haifi kwa sababu kuna siku inafanya kazi. Ukisafisha throto iliyojaa masizi, kompyuta bado inaifungua kwa kiasi ilichozoea wakati wa uchafu, kwa hiyo hewa inazidi na mzunguko unapanda hata injini ikiwa imetulia. Hapo kusahaulisha kompyuta kunaweza kusaidia ijifunze upya. Kwa tatizo lingine lolote unafuta ushahidi tu: kodi zinapotea, taa inazima, halafu baada ya siku chache inawaka tena ukiwa katikati ya foleni ya Jogoo Road.

Dhana: Gari langu lilipaa Mombasa, kwa hiyo servisi ya Nairobi ndiyo iliharibu

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa zaidi) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kompyuta inapunguza petroli ili ilingane, lakini hewa haiwezi kuitengeneza. Ukitaka kulinganisha kabla na baada ya servisi, tumia barabara moja na mzigo uleule, kwa mfano Waiyaki Way kupanda kuelekea Kikuyu.

Dhana: Oili ikizidi kidogo ni faida

Injini ya 1NZ ya Fielder inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na chujio. Mkebe ni wa lita 4, na watu huumwaga wote. Hiyo tofauti peke yake haitaua gari, ila ukijumlisha na oili kuukuu ambayo haikutoka yote, kina kinapita alama ya juu. Oili ikifika kwenye kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inapigwa hadi inatoa povu, nyingine inavutwa na ule mpira unaotoka kwenye kifuniko cha vali hadi kwenye manifoldi, moshi wa bluu unatoka nyuma na plagi mpya zinachafuka. Kuipunguza si lazima kulala chini ya gari. Mimi hutumia sirinji kubwa ya ng'ombe, ya agrovet, yenye mpira mwembamba unaopita tundu la kijiti cha kupimia oili.